Mkono Ulale, Kigurudumu Kitembee

Nyie mnaochora kwa kompyuta, mimi siji kuwafundisha kompyuta. Sijui hata inawashiwa wapi. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nusu, maana mahindi yalikuwa yanaliwa na nyani na wa kuwafukuza nilikuwa mimi. Lakini mkono naujua. Mkono wa kuchora naujua tangu miaka ya sabini, nikiwa msichana pale Mbeya mjini, nachora maua kwenye mashuka ya watu. Kwa hiyo siku mkono ukivimba, hapo ndo mnisikilize.

Kilichonifanya niongee ni huyu Neema, mjukuu wangu, tunakaa naye hapa Uyole. Ndo anayenirekodi kwenye simu sasa hivi na anaona aibu, lakini nitasema tu. Neema anachora picha za vitabu vya watoto. Kuna kitabu kimoja wamempa, cha sungura na dada zake, kilikuwa kimebaki kurasa kumi na mbili. Siku hiyo kaja mezani, kashika kijiko kwa mkono wa kushoto.

"We Neema, umeanza lini kula na kushoto?"

"Huu wa kulia unauma, Bibi."

Nikaushika. Hapa kwenye kifundo, chini ya kidole gumba, pamevimba kama andazi. Kumbe alishaenda hospitali na hajaniambia. Daktari kamwambia ni ile mausi ya kompyuta, kuisukuma huku na huku kutwa nzima miaka yote. Abadilishe kifaa, la sivyo aache kuchora miezi. Na akiacha miezi, sungura wanapewa mtu mwingine awamalizie. Mtoto alikuwa analia huku anatafuna.

"Kuna kitu kinaitwa trakboli," akasema. "Ni kama mausi, ila yenyewe haitembei. Inakaa palepale mezani. Juu ina mpira, wewe unauzungusha mpira kwa vidole. Mkono hauendi popote."

"Rudia hapo mwisho."

"Mkono hauendi popote."

Jamani, nilicheka mpaka chai ikanipalia. Neema akadhani namcheka yeye. Simcheki yeye! Maneno kama hayo niliambiwa mimi kabla mama yake hajazaliwa, na kuyaelewa kulinigharimu shuka la mtu.

Basi ngoja niwaeleze.

Zamani bibi harusi hakwenda kwa mume na mashuka meupe matupu. Haiwezekani, watu watasemaje? Shuka lilikuwa la bafta, jeupe, limedariziwa maua kwenye pembe zote nne na mstari wa maua pale juu panapokunjwa. Kushona wanawake wengi walijua. Kuchora hawakujua. Ukimwambia achore waridi, anakuchorea kabichi. Kwa hiyo nguo ililetwa kwanza kwa mchora maua, akaipiga maua yote kwa penseli au kwa kaboni, halafu wenyewe wakaichukua wakashone nyumbani, shangazi hili, rafiki lile, kila mtu na shuka lake, mpaka harusi ifike. Ukishafua, mchoro unaondoka na sabuni, linabaki ua la mshonaji. Hakuna mtu aliyelala kwenye shuka akauliza, aliyechora nani. Na mimi wala haikuniuma. Nilikuwa nikipita uani kwa mtu, nikiona shuka limeanikwa, nacheka peke yangu.

Aliyenifundisha ni Bi Zuhura. Mama wa Kiislamu, wazee wake walikuja na biashara ya nguo kutoka pwani, yeye kazaliwa hapahapa Mbeya, lakini baridi ya huku alikuwa anaisema kila asubuhi kama mtu anayemsema wifi. Shangazi yangu alikuwa akimfulia. Ndo akanitoa kwetu Chimala akanipeleka kwake, nikiwa na mikono ya shambani, migumu kama gome. Siku ya kwanza Bi Zuhura kanipa penseli na karatasi ya kaki, nichore jani. Nikachora. Penseli ikatoboa karatasi, ikatoboa na gazeti la chini, ikagota mezani.

"Mwanangu," akasema, "unachora au unapanda mahindi?"

Yeye mwenyewe vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja, havifunguki, kama vya kuku aliyelala kwenye kijiti. Mwanzo nilidhani kazaliwa navyo. Siku moja akanionyesha. "Haya ni maua, Atu. Yote niliyochora yamekaa humu. Nilikuwa nakandamiza kama wewe. Nilipokuja kujua, nilikuwa nimechelewa." Ndo maana akanichukua mimi. Macho yake yalikuwa yanachora bado, mkono umekataa, kwa hiyo akaazima wangu.

Na alinifundisha, bwana! Waridi linaanzia kwenye kikombe cha kahawa, unakifunika, unazungusha penseli, halafu ndani unaweka petali tano. Sio nne, nne zinakaa kama msalaba wa dirisha. Pembe nne za shuka lazima zifanane kama watoto pacha, kwa sababu mkwe akija ataangalia pembe, haangalii katikati. Usichore ukiwa na njaa, majani yanakuwa membamba. Hilo la njaa sijui kama ni kweli, lakini nimelishika mpaka leo.

Nilikosea pia. Kuna mama mmoja wa sokoni alitaka foronya yenye simba, mume wake anapenda simba. Mimi simba nimemwona wapi? Nikachora nilichokisikia. Akatoka kama mbwa aliyevaa mgolole. Mama wa watu kamtazama, kamtazama, akasema, "Huyu simba wenu ameolewa?" Akashona hivyohivyo. Baadaye nikasikia mume kampenda kweli, kampa na jina.

Sasa tuje kwa Mama Vumilia.

Huyu alikuwa Mhehe wa Iringa, mrefu, haongei sana, akiongea unakaa sawa. Binti yake Vumilia alikuwa anaolewa baada ya mavuno. Alikuja Mbeya kwa ndugu zake, akaingia pale kwa Bi Zuhura na furushi kichwani. "Kamwene," akasalimia Kihehe chao, akalishusha. Mashuka manane. Wajukuu, nyie hamjui maana ya mashuka manane. Nguo ilikuwa imeadimika. Ukisikia bafta limefika duka fulani, unakuta foleni imezunguka nyumba, na ukifika mlangoni unaambiwa limebaki la viraka. Huyu mama alikusanya manane kidogokidogo kwa miaka miwili, moja Iringa, moja kwa ndugu, moja kwa kubadilishana na maharage. Hakuna la kufidia. Likiharibika, limeharibika.

"Nataka maua yaanze kuchorwa leo," akasema. "Shangazi zake wanasubiri kushona."

Bi Zuhura akanitazama mimi. "Atu atachora."

Nilichora la kwanza kwa siku mbili. La pili siku tatu, kwa sababu kifundo kilianza kuwaka moto. Kufika mwisho wa lile la pili nilikuwa nashika penseli kwa ngumi, kama mtoto. Mkono umevimba hapa, palepale pa Neema. Nikaufunga kitambaa, nikavaa sweta la mikono mirefu, nikijifanya nasikia baridi. Niliogopa nini? Niliogopa kurudishwa Chimala. Mchora maua asiye na mkono ni nani? Ni mfukuza nyani.

Bi Zuhura akaona. Akafungua pindo la kanga, akatoa hela. "Nenda sokoni kwa Mzee Kasimu, yule fundi wa cherehani. Anavyo vile vigurudumu vya kufuatishia mchoro. Chagua kimoja ulete."

Kigurudumu chenyewe nikieleze. Ni mpini mdogo wa kushika mkononi, mbele kuna duara la bati lenye meno madogo linalozunguka. Unachora ua lako mara moja tu kwenye karatasi ngumu, sisi tulitumia mfuko wa saruji. Unalaza kaboni juu ya nguo, unalaza karatasi juu ya kaboni, halafu unapitisha kigurudumu juu ya mistari. Chini kwenye nguo panatoka vidoti vya bluu, tik tik tik, ua zima. Huchori upya mara nne kwa pembe nne. Unatembeza tu.

"Nichague kipi?" nikauliza.

"Wewe ndiye mwenye mkono," akasema.

Nikaenda. Mzee Kasimu alikuwa na viwili mezani. Kimoja kipya, kinang'aa, mpini umepakwa rangi nyekundu, meno marefu makali unaweza kunyolea. Kingine kizee. Mpini wa mti mweusi kwa jasho la mtu, meno yameliwa, bati limefifia. Mimi mtoto wa mkulima. Kwetu jembe zuri ni jipya lenye makali, jembe lililoliwa unampa mwenye njaa. Tena kile chekundu bei yake ilikuwa juu, nikasema hiki ndo kizuri. Hata sikukishika kile kizee.

"Una hakika, binti?" Mzee Kasimu akaniuliza.

"Nina hakika, mzee."

"Haya." Akakifunga kwenye gazeti. Sasa nikikumbuka hiyo "haya" yake! Ilikuwa "haya" ndefu.

Shuka la tatu. Nikatandika, nikaweka kaboni, karatasi, nikaanza. Kigurudumu hakizunguki vizuri, kinakwama, kinaburuzika. Nikakandamiza. Kadiri kinavyokwama ndo nakandamiza, na mkono unaniuma, kwa hiyo nikaegemea na bega. Nilikuwa nalima, wajukuu. Nilipofunua karatasi, nikaona maua ya bluu mazuri kabisa. Nikainua shuka kwenye mwanga wa dirisha, na mwanga ukaja upande wangu kupitia kwenye ua. Vitundu. Mstari wote wa juu, kutoka ukingo hadi ukingo, umetobolewa kama chujio la chai. Nikavuta kidogo tu kuangalia. Pakachanika, kraaa.

Sitasahau ile sauti.

Mnajua nilifanyaje? Nililikunja. Nikalikunja vizuri, mchaniko ndani, nikaliweka chini ya yale mawili ya mwanzo, nikakaa juu ya kigoda, nikaanza kunoa penseli ambayo ilikuwa imeshanolewa.

Bi Zuhura akaingia. Akaanza kuyakagua mashuka, na yeye hakukagua kwa macho tu, alikuwa anapitisha vile vidole vyake vilivyojikunja, kwa mgongo wa vidole, polepole. Akafika la tatu. Akasimama. Akarudi nyuma, akapitisha tena. Hakulifunua hata.

"Hebu nione hicho ulichonunua."

Nikampa. Akakipuliza. Hakikusogea.

"Nimekutuma uniletee kinachozunguka," akasema. "Umeniletea kinachong'aa."

Nikapiga magoti, nikaanza kulia, nikasema nitakwenda kwetu mwenyewe, asinifukuze. Akasema, "Nani kasema kwenu? Utakwenda Iringa. Utalibeba shuka hili mwenyewe, umwambie mwenyewe. Halafu yeye ndiye ataamua kama hayo matano yaliyobaki utayagusa au hutayagusa. Mashuka si yangu."

Kutoka Mbeya mpaka Iringa kwa basi ni safari ya siku nzima kwa mtu mwenye raha. Kwangu mimi ilikuwa wiki. Tulipita Chimala, nikaona wanawake wa kwetu barabarani na mchele kwenye ungo, nikainamisha kichwa wasinijue. Kila basi lilivyoruka nilikuwa nafanya mazoezi. Nitasema panya. Hapana, panya hawatoboi kwa mstari. Nitasema kaboni ilikuwa mbaya. Nyololo basi likasimama, baridi ikaingia, mama mmoja jirani yangu akaniuliza, "Umebeba mtoto, binti, mbona umekumbatia hivyo?" Nikamwambia ni shuka la harusi. Akasema, "Hongera!" Basi nikalia mpaka Mafinga.

Mama Vumilia nilimkuta uani anapepeta mahindi. Nikamwamkia, nikapiga magoti, na yale yote niliyofanyia mazoezi yakapotea. Nikafungua shuka, nikamshikia juu kwenye jua. Jua likapita kwenye matundu yote, likaandika maua usoni kwake.

"Ni mimi," nikasema. "Nilichagua kifaa kibaya, na nilikandamiza, na nikalificha."

Vumilia mwenyewe akatoka ndani, akaona, akaweka mkono mdomoni. Mama yake akalichukua, akalitazama mbele, nyuma. Halafu akalishika pale penye mchaniko, akalichana moja kwa moja, kraaa, mstari wote. Nikafumba macho.

"Hapa chini ni pazima," akasema. "Foronya mbili, na nepi zinabaki. Mtoto akija hatauliza maua."

"Mama," Vumilia akasema, "yalikuwa manane."

"Saba yanatosha. Hata wiki ina siku saba. Hilo la nane ulitaka ulalie siku gani?"

Vumilia akacheka. Mimi sikuthubutu. Ndipo yule mama akanishika mkono, akavuta sweta juu. Akaona kifundo. Akaniuliza, "Na huu nao ulikuwa unauficha?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe unapenda kuficha." Akakibonyeza, nikaruka. "Sikia. Mavuno bado. Nenda, pumzisha mkono mpaka uvimbe ushuke, halafu umalize matano. Lakini ukigusa shuka langu na mkono uliovimba, nitajua. Nitaona kwenye maua."

Sijui angeonaje. Lakini nilimwamini.

Nilirudi Mbeya, na kesho yake nikaenda sokoni na kile chekundu kwenye gazeti lake. Nilikuwa naomba njia nzima, Mungu wangu, kile kizee kisiwe kimeuzwa. Mzee Kasimu aliponiona kwa mbali akainama chini ya meza, akakitoa.

"Nilikiweka," akasema. "Kipulize."

Nikapuliza. Kikazunguka. Kinazunguka tu chenyewe, bila sauti, mpaka pumzi inaniishia bado kinazunguka.

"Weka mkono mezani. Usinyanyue. Mkono ulale, kigurudumu kitembee." Nikafanya. Kikatembea kwa kusukumwa na vidole tu, kifundo kimelala kama paka. Wala sikusikia maumivu. "Kifaa cha mkono hakichaguliwi kwa macho, binti. Ukikishika, uliza kifundo chako. Kikikaa kimya, nunua."

"Kilikuwa cha nani hiki, mzee?"

Akanishangaa. "Hujui? Cha Bi Zuhura. Aliniletea nikiuze mwaka vidole vyake vilipokataa. Kila mwezi anakuja kuuliza kama kimeuzwa, na nikimwambia bado, anaondoka amefurahi."

Nilitembea kurudi nyumbani kama mlevi. Nikamkuta anakoroga uji. Nikakiweka mbele yake. "Kwa nini hukuniambia? Ungesema tu, Atu, chukua kile cheusi! Shuka la watu lingepona!"

Akakishika kwa vile vidole. Mpini ukaingia palepale kwenye mkunjo wa vidole, kama umezaliwa humo. Kumbe vidole vilijikunjia pale.

"Ningekwambia kipi, ungejua hicho kimoja," akasema. "Na hicho nacho kitachakaa. Nilitaka ujue kuchagua." Halafu akavuta pumzi. "Lakini la shuka nimekosa. Kasimu kanisimulia. Ile 'haya' yake ungeisikia, ningekuwa mwalimu mzuri. Hukuisikia, mimi ndo mjinga wa pili."

Nikamaliza matano. Hakuna tundu hata moja. Harusi ya Vumilia tulialikwa, Bi Zuhura akavaa sweta mbili, na mashuka saba yalipitishwa mbele ya wakwe, na wakwe wakaangalia pembe, kama nilivyowaambia.

Haya, sasa trakboli.

Tulikwenda mjini, mimi na Neema. Dada wa duka akatuamkia vizuri, akatoa tatu. Moja ya bei ya kununua ng'ombe, haina waya, tukamwambia airudishe kwenye kabati la kioo, hata hatukuishika. Zikabaki mbili za waya, ambazo Neema anaziweza. Waya mimi naupenda. Haiibiwi kirahisi, haipotei chini ya godoro, haitaki betri katikati ya kazi. Moja ilikuwa na taa ndani, nyekundu, kijani, bluu, inawakawaka kama ukumbi wa harusi, mpira wake uko pembeni unauzungusha kwa kidole gumba. Nyingine nyeusi tu, pana, mpira katikati mkubwa kama ndimu, unaugusa kwa vidole vya kati.

Nikainamia ile nyeusi, nikapuliza.

"Bibi," dada akasema, "hiyo haipulizwi, sio chai."

"Ngoja kwanza, mwanangu." Nikaugusa kwa kidole kimoja. Ukazunguka kimya, ukaendelea kidogo baada ya kuuachia. Nikauliza unatoka? Akauchomoa. Ndani kuna vitu vidogo vitatu vimeubeba, na vumbi limeshaanza kuganda pale, kama nyuzi za bafta zilivyokuwa zinaganda kwenye ekseli ya kigurudumu changu. Kinachofunguka kinasafishika. Nikanyamaza. Nilikuwa nimeshajua. Lakini nikasema, Atu, nyamaza, mtoto ajue kuchagua. Bi Zuhura alinyamaza, na wewe nyamaza.

Neema akaziangalia zote mbili. Akanyoosha mkono kwenye ile ya taa.

Hela ilikuwa ya moja tu. Sungura walikuwa na kurasa kumi na mbili. Na pale chini ya kidole gumba chake ndipo palipovimba.

Bi Zuhura aliweza kunyamaza mpaka shuka likatoboka. Mimi sio Bi Zuhura. Nilikohoa.

"Bibi, una kikohozi?"

"Cha miaka ya sabini," nikasema. "Endelea tu. Hebu fumba macho, uishike hiyo."

Akafumba, akaishika ya taa, kidole gumba juu ya mpira. Akauzungusha mara tatu. Mara ya tatu akakunja uso.

"Hii nyingine sasa. Macho bado yamefumbwa."

Akaweka kiganja kwenye ile nyeusi. Vidole vikashuka kwenye mpira, mpira ukaenda. Akakaa hivyo, jamani, muda. Dada wa duka akaanza kuhudumia mtu mwingine. Halafu Neema akasema, macho bado kayafumba, "Bibi. Mkono umelala."

Ndo tukanunua.

Sasa nyie mnaonisikiliza, wiki ya kwanza mtaichukia. Neema alikuwa anachora sungura mwenye sikio linalokwenda mpaka Tunduma. Alipunguza mwendo wa kimshale kwenye kompyuta, ikawa afadhali. Na haburuzi mstari mzima kwa mkupuo. Anaweka kidoti hapa, kidoti pale, kompyuta inaviunga, halafu anavuta kidogo mpaka mstari unapinda anavyotaka. Vidoti! Nikamwambia hiyo ndo kazi yangu, mimi vyangu vilikuwa vya bluu. Pale inapobidi ubonyeze huku unazungusha, anabonyeza kwa mkono wa kushoto kwenye vibonye vya kuandikia, wa kulia unazungusha tu. Na kila Jumamosi anauchomoa mpira, anafuta vile vitatu kwa kitambaa kikavu. Sio kucha, Neema. Kitambaa.

Kurasa zimebaki nne. Uvimbe umeshuka, nimeubonyeza mwenyewe asubuhi hii, hakuruka. Kigurudumu cha Bi Zuhura kiko pale dirishani pembeni ya kompyuta, na mara moja moja Neema akikwama anakipuliza.

Bado kinazunguka.

Na mimi nakaa hapa nyuma yake na chai yangu, namwangalia anavyochora, naona kabisa sungura wa kushoto ana petali nne kwenye ua lake, na nanyamaza.

Khm.